Diski ya bekapu: nitajuaje ilipachikwa lini mara ya mwisho?

Muulizaji
Wakuu habari zenu. Naangalia kompyuta za duka la dawa hapa Moshi, seva inatumia Debian (aina ya Linux). Tuna diski ya nje ya ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) ambayo kila Ijumaa jioni inatakiwa ipachikwe (mount, yaani iunganishwe na mfumo ili mafaili yake yatumike), rsync, programu ya kunakili mafaili, ifanye kazi yake, kisha ipachuliwe na kurudi kabatini. Kijana wa zamu ananiapia kwamba haruki wiki. Tarehe za mafaili hazinisaidii kwa sababu `rsync -a` inabakiza za asili. Naweza kuiuliza diski yenyewe?

Jibu la 1
Unaweza, mkuu, ila usiipachike kwanza, utafuta ushahidi. Kama seva ina GNOME (mazingira ya madirisha), zima upachikaji wa otomatiki kabla hujaichomeka. Halafu:

`sudo tune2fs -l /dev/sdb1 | grep -Ei 'mount|write|features'`

Soma "Last mount time". "Mount count" ni idadi ya mara ilizopachikwa tangu fsck (ukaguzi wa mfumo wa mafaili) ya mwisho.

Muulizaji
Na saa ya kupachuliwa je?

Jibu la 2
Hiyo ext4 haiitunzi. Ila `umount`, amri ya kupachua, huandika superbloku (sehemu ya diski yenye taarifa kuu za mfumo wa mafaili) kabla ya kuiachia diski, kwa hiyo "Last write time" inakuwa karibu sana na saa hiyo, ilimradi hakuna aliyepitisha fsck baadaye. Usidanganywe na neno "clean" kwenye hali ya diski ("Filesystem state"): ext4 yenye jono (journal, kumbukumbu ya mabadiliko yanayoandikwa) hubaki "clean" hata ikichomolewa hovyo. Tafuta `needs_recovery` kwenye mstari wa features. Ukiikuta, kuna mtu kavuta waya tu.

Kuipachika kwa kusoma tu, `-o ro`, kwa kawaida hakubadilishi saa hizo.

Jibu la 3
Wenye XFS (mfumo mwingine wa mafaili) msihangaike na superbloku, saa hizo hazimo. Nendeni kwenye logi: `journalctl _TRANSPORT=kernel | grep XFS`, mtaona "Mounting" na "Unmounting". Folda ya `/var/log/journal` isipokuwepo, logi hupotea kila mashine ikizimwa.

Muulizaji
Asanteni sana. Kijana hakudanganya: imepachikwa Ijumaa saa 11:52 jioni, `needs_recovery` haipo. Lakini mwandiko wa mwisho ni saa 11:54, na rsync yetu huchukua kama nusu saa! Duka linafungwa saa 12, nadhani anawahi daladala. Naihamishia kazi saa 8 mchana, na `umount` naiweka ndani ya skripti.