Mshahara unaisha tarehe 12, nakosea wapi?

Fundi_Umoja: Habari wadau, nisaidieni bila kunichapa sana. Nafanya hadiwea Industrial Area hapa Nairobi, wakishakata NSSF ya uzeeni, SHIF ya matibabu na ile 1.5% ya nyumba nabaki na 38,000. Bedsita Umoja ni 9,500 na tokeni za stima kando. Sina mtoto, sinywi, sibeti (okay, zamani kidogo). Lakini kufika tarehe 12 simu inasoma 140 bob, naanza kukopa kwa simu, mshahara ukiingia wanakata yao kwanza na pengo linarudi palepale. Jana gesi imeisha nikaenda kuchemshia chai kwa jirani, aibu tupu. Bajeti niliandika kwa daftari, ikakaa siku nne.

Matatu_Mpya: ati zamani kidogo 😂

MamaDonholm: Kijana wangu daftari wacha kwanza. Piga *334# uombe statement ya M-Pesa ya miezi mitatu, itakuja kwa email na namba ya kuifungua utatumiwa kwa SMS. Kaa chini na biro, zungushia kila kitu chini ya 300. Mimi nilifanya hivyo nikapata chai na chapo ya saa nne ilikuwa inakula karibu 6,000 kwa mwezi, na mimi huyo nalia ati unga imepanda.

Hesabu_Tu: Wacha nikupigie ya mkopo. Ada ikiwa 7.5% kwa siku 30, ukichukua 8,000 unarudisha 8,600. 600 unaona si kitu, lakini ukikopa kila mwezi mwaka mzima ni 7,200, hiyo ni robo tatu ya kodi yako ya mwezi imeenda na hujanunua hata kijiko. Na usiache ghafla utalala njaa. Mwezi huu kopa 8, ujao 6, halafu 4, hivyo hivyo mpaka iishe. Ukimaliza ingia Sacco, hicho chama cha akiba na mikopo, nyingi riba ni kama 1% kwa mwezi kwa deni iliyobaki na unakopa hadi mara tatu ya akiba yako, kichwa huuma tu kutafuta wadhamini.

Kayole_Finest: Ongeza hapo, siku mshahara inaingia usilale nayo. Lipa kodi, jaza gesi, nunua unga na mchele wa mwezi, halafu nauli yote itume kwa laini ingine isiyo na deni juu ile yenye deni inameza kila kitu kikiingia. Mimi nauli yangu inakaa kwa kabambe ya zamani, ile simu ndogo ya batani, hata mtu akinipigia hiyo laini sishiki.

Fundi_Umoja: Na mathe nyumbani? Humtumia 5,000, wakati mwingine naikopa.

MamaDonholm: Ya kukopa usitume. Mwambie ukweli, mama atakuelewa kuliko unavyodhani. Tuma 3,000 tarehe moja kila mwezi, ajue inakuja, badala ya 5,000 leo na kesho unamzimia simu.

Fundi_Umoja: Nimetoa statement. Smokie na soda 3,400 mwezi uliopita pekee, sijui hata nilikula saa ngapi. Na ile ya kubeti niliandika zamani, kumbe zamani ni Jumamosi.

Matatu_Mpya: 😂😂😂 nilijua tu