Tamasha la filamu chuoni: hotuba saa nzima, filamu za wanafunzi zakatwa dakika ya nne!

Wakuu, tangu Jumamosi nina hasira. Ofisini kwa waandaaji wa tamasha nimeshakwenda, na majibu niliyopewa yamenizidishia, kwa hiyo nayaleta hapa.

Nasoma mambo ya filamu katika chuo kimoja hapa Dar, jina naliacha. Kila mwaka kuna tamasha la filamu fupi za wanafunzi. Unalipa ada ya shilingi 20,000 kwa filamu, unajaza fomu, unapeleka flashi mapema ili wajaribishe. Kwenye kikundi chetu mimi ndiye mtu wa sauti. Filamu yetu ni ya dakika 14, karibu yote tumepiga usiku kule Mbagala, na stori imebebwa na mama na mwanawe wanaonong'onezana chumbani ili baba asiamke. Usiposikia wanachosema, hujaona kitu.

Ratiba ilisema saa nne asubuhi. Mgeni rasmi kafika saa saba. Muda wote huo projekta iko tayari, watu wamejaa, na hakuna aliyethubutu kusema jamani tuanze hata na filamu moja. Alipofika ikawa utambulisho wa meza kuu, risala, hotuba saa nzima na ushee, vyeti vya wadhamini, picha ya pamoja. Halafu mshereheshaji anatangaza kwamba muda umetubana, hivyo kila filamu itaonyeshwa dakika nne tu!

Dakika nne! Muda umebanwa na nani? Hotuba hazikukatwa hata moja.

Yule mama aliyeigiza kwetu ni muuza vitumbua. Hakulipwa hata senti, alijitolea kwa sababu alituamini. Siku hiyo alifunga biashara, akavaa dera jipya, akaja na majirani zake kwa daladala mbili kutoka Mbagala. Anaanza kuonekana dakika ya sita. Filamu ilizimwa bado hajatokea. Majirani wakamgeukia kumwuliza, "Wewe uko wapi?" Nilishindwa kumtazama usoni.

Na hizo dakika nne zenyewe zilionyeshwaje? Ukumbi wa mihadhara wenye madirisha makubwa, pazia hakuna, mchana kweupe na jua lote lile. Filamu ya usiku ikawa ukuta wa kijivu, huoni mtu wala mlango. Kule Zanzibar tamasha la filamu la kimataifa, ZIFF, lipo tangu mwaka 1998, na pale Ngome Kongwe watu wanaangalia filamu uwanjani, hakuna hata paa. Wanachofanya ni kusubiri giza. Giza ni bure, wakuu.

Sasa sauti. Hapa ndipo niliposimama kwenye kiti nikapiga kelele. Laptop imeunganishwa kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kwa waya mmoja wa stereo unaobeba sauti ya kulia na ya kushoto, na waya huo wameuchomeka kwenye tundu moja la maikrofoni. Tundu la namna hiyo linafanya kama hesabu ya kutoa, sauti ya upande mmoja inaondolewa kwenye sauti ya upande mwingine, kwa hiyo chochote kilicho sawasawa kulia na kushoto kinafutika. Na kwenye filamu, maneno ya waigizaji huwekwa katikati, yaani sawa pande zote mbili. Matokeo yake ukumbi mzima ulisikia muziki na mwangwi, maneno hakuna. Nilimfuata fundi nikamwambia chukua waya unaogawanyika, kila upande uingie tundu lake, kazi ya dakika moja. Akanijibu filamu yenu ndiyo mbovu, kaa chini.

Karatasi ya majaji tumeipata jana. Wameandika "mazungumzo hayasikiki" na kutukata alama za sauti. Majaji hawakupewa filamu waangalie kabla. Walikaa ukumbini pamoja nasi, wakaona dakika nne za ukuta wa kijivu, wakatoa mshindi! Hata huyo mshindi simlaumu, naye kazi yake haikuonekana. Amepewa tuzo kwa filamu ambayo hakuna jaji aliyejua inaishaje.

Jioni, ukumbi ule ule, giza limeingia, wakaweka muvi ya Marekani ya kupakua mtandaoni, iliyotafsiriwa na DJ, kiingilio shilingi 3,000. Hiyo ikaenda mwanzo mpaka mwisho bila kukatwa. Sisi tuliambiwa tusiguse kamera bila kibali cha Bodi ya Filamu, kwamba Sheria Namba 4 ya mwaka 1976 inataka hivyo, na tukahangaika na muswada wa filamu (script) na fomu mpaka tukakipata. Wao wanakusanya kiingilio kwa kazi ya mtu bila idhini yake, wakati Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo na wanatufundisha darasani! Mwanafunzi ajifunze nini hapo? Hata kibanda umiza cha mtaani mwenye kibanda anaziba madirisha kwa magunia, anahakikisha spika zinasikika, na akithubutu kuzima muvi katikati watu wanadai hela yao.

Majibu ya ofisini: tamasha limeshafungwa, ada hairudishwi, mwakani mboreshe sauti. Mwakani wengi wetu tutakuwa tumemaliza chuo.

Tunachodai hakihitaji bajeti. Filamu zote zilizokatwa zionyeshwe upya kabla ya mitihani, usiku, kila moja mpaka majina ya mwisho yapite, na waya uchomekwe inavyotakiwa. Majaji wapewe mafaili waangalie nzima ndipo wahesabu alama upya. Atakayeona hilo ni gumu aturudishie ada zetu. Na mgeni rasmi akichelewa, filamu zianze, atatukuta tunaangalia.

Barua ya pamoja tunaipeleka kwa mshauri wa wanafunzi Jumatatu. Ambaye filamu yake ilikatwa siku ile aje PM tuongeze jina. Na mliokuwepo ukumbini, hata kama hamsomi filamu, andikeni hapa chini mliona nini na mlisikia nini, maana wameshaanza kusema kila kitu kilikwenda vizuri.