Kwa nini viwanda vikubwa vya magari lazima viwe karibu na reli?

Wakuu habari za muda huu, naomba kueleweshwa. BMW walivyoenda Marekani miaka ya 90 wakajenga Spartanburg, South Carolina, mbali kabisa na bahari, na magari mengi wanauza nje. Si bora wangekaa bandarini pale pale Charleston?

Jibu 1:
Mkuu, ardhi. Kiwanda cha hivyo kinataka eneo kubwa tambarare, umeme, maji na watu wa kuajiri, sasa bandarini utapata wapi nafasi yote hiyo? Reli ndo inakusogezea bahari. Pale Greer, jirani tu na kiwanda, walifungua bandari kavu 2013, kontena za vipuri zinapanda na treni kutoka Charleston kama kilomita 340, na magari yaliyokamilika nayo yanashuka kwa treni.

Jibu 2:
Naongezea hapo. Behewa la magari lina ghorofa, madereva wanaingiza gari moja moja kupitia daraja la mteremko mwisho wa treni halafu wanaweka kabari kwenye matairi. Magari madogo ghorofa tatu yanaingia kama 15, ila SUV ni ndefu kwenda juu so ghorofa mbili tu, kama 10. Lori linabeba nane au tisa hivi, piga hesabu mwenyewe madereva wangapi kila siku.

Muuliza swali:
Asanteni sana, hilo la ghorofa sikulijua kabisa aisee.

Jibu 3:
Na Wolfsburg, Ujerumani, 1938, Volkswagen walikaa kwenye reli na mfereji wa kupitisha meli kwa pamoja.