Dola 490 kwa bango lililofunikwa na vichaka: hii ni haki gani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Barua ya mahakama ya trafiki imefika, kuhusu tiketi ya faini niliyopewa kwa kuendesha peke yangu kwenye leni ya magari yenye watu wawili au zaidi. Karatasi moja, kisanduku kimewekwa alama: nina hatia. Hakuna sentensi hata moja inayoeleza kwa nini. Niliambatisha picha, nikaambatisha mchoro wa makutano, nikanukuu kifungu cha sheria, na aliyesoma hakuona haja ya kunijibu hata mstari mmoja. Dola 490 walizochukua kabla ya kunisikiliza zimebaki huko huko kwao.

Nieleze kisa chenyewe, maana humu najua tuko wengi tunaoendesha Kusini mwa California, na wengi wetu tunatoka kazini alfajiri.

Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Asubuhi nikitoka nakunja kushoto kwenye taa, naingia rampu, yaani njia ya kupandia friwei, barabara kuu ya mwendo kasi. Rampu ina leni mbili. Ukikunja kutoka upande uliopo, unaangukia leni ya kushoto, na mstari mweupe mzito wa kutenganisha leni unaanza pale pale, huna nafasi ya kuhama. Sasa hiyo ya kushoto ndiyo leni ya kapuli, ya magari yenye watu wawili au zaidi, ambayo yanaruhusiwa kuipita foleni ya taa za rampu zinazoachia magari kuingia friwei kidogo kidogo. Nilikuwa peke yangu, hilo halina ubishi. Ubishi ni mmoja tu: dereva anajuaje kwamba ile ni leni ya kapuli?

Anatakiwa ajue kwa bango lililo pembeni na alama nyeupe ya almasi iliyochorwa chini. Nilirudi pale mchana kwa miguu nikaangalia. Bango limemezwa na vichaka vya oleanda. Ukichuchumaa usawa wa kiti cha dereva, unachoona ni pembe moja ya chini, nyeupe, haina hata herufi. Almasi nayo imekatwa: barabara ilichimbwa kupitisha bomba, wakarudishia kiraka cha lami nyeusi, na kiraka kimekaa juu ya almasi. Imebaki ncha yake ya juu tu, haizidi urefu wa kiatu changu. Nililaza kiatu pembeni yake nikapiga picha ili hakimu apime mwenyewe.

Na mbele kidogo, nyuma ya ukuta wa zege, askari amesimama na pikipiki yake anasubiri. Gari lililokuwa nyuma yangu lilisimamishwa vilevile. Mama wa makamo, peke yake, analia. Nilimwambia askari kwamba hakuna bango. Akasema bango lipo. Nikamwomba ageuke alitazame kutoka pale tuliposimama. Hakugeuka. Akaniambia hayo nikamweleze hakimu.

Basi nikamweleza hakimu. Kifungu cha 21655.5 cha sheria ya magari ya California hakisemi tu kwamba usiingie kwenye leni hizo. Kinasema usiendeshe humo isipokuwa kwa kufuata maelekezo yanayotolewa na alama rasmi za barabarani. Someni tena hapo: maelekezo yanayotolewa. Bango lililo ndani ya kichaka halimwelekezi mtu chochote. Wenye wajibu wa kupogoa vichaka ni wao, wenye wajibu wa kuchora upya almasi baada ya kuchimba ni wao, na anayelipishwa kwa uzembe wa kazi hizo zote mbili ni mimi ninayelipwa kwa saa.

Na hiyo 490 inatoka wapi? Hapa ndipo damu ilinichemka kabisa, kwa sababu faini yenyewe si 490. Sheria, kifungu cha 42001.11, inasema kosa la kwanza ni kati ya dola 100 na 150. Mimi nilipigwa ile ya chini, 100. Kisha kwa kila dola 10 ya faini wanapachika 29: sehemu ya jimbo, sehemu ya kaunti, ujenzi wa mahakama, mfuko wa vinasaba (DNA), huduma za dharura. Hapo ni 390. Wanaongeza asilimia 20 ya faini ya msingi, 410. Wanaongeza 40 ya uendeshaji wa mahakama na 35 ya kupatikana na hatia, 485. Zile tano za mwisho ni vijiada vidogo vidogo. Mtu wa kawaida akipokea karatasi anadhani hakimu amekaa akapima uzito wa kosa lake. Hakuna aliyepima kitu. Mahakama yenyewe inajengwa kwa pesa za wanaopatikana na hatia, halafu mahakama hiyo hiyo ndiyo iamue kama una hatia. Mimi hili linanikera kuliko hata yule askari.

Sasa sikilizeni hili, hasa wanaofanya kazi za usiku, kwa sababu hakuna aliyeniambia. California inakuruhusu kupinga tiketi kwa maandishi bila kufika mahakamani. Unajaza fomu TR-205, unaambatisha ushahidi, askari naye anatakiwa kuandika maelezo yake, hakimu anasoma pande zote mbili. Nilifurahi, nikaona ndiyo njia ya mtu asiyeweza kukosa zamu. Lakini ukichagua njia hiyo lazima uweke faini yote kwanza, senti zote, kama dhamana. Ukichagua kwenda mwenyewe kusimama mbele ya hakimu, kanuni iliyotolewa mwaka 2015 inasema mahakama isikudai pesa kwanza kama kigezo cha kusikilizwa. Yaani mwenye nafasi ya kukosa kazi siku nzima anasikilizwa bure, na asiyeweza kukosa zamu anatoa 490 kwanza ndipo asomwe. Mimi nilizitoa kwenye pesa ya kodi ya nyumba. Mwenye nyumba wangu hajui mambo ya dhamana, anajua tarehe moja.

Halafu kuna watu wetu wenyewe. Nilipoweka jambo hili kwenye kundi letu la WhatsApp, nusu ya majibu yalikuwa "lipa tu, usijitafutie matatizo". Ndugu zangu, kupinga tiketi si kujitafutia matatizo. Hakukugusi hadhi yako ya uhamiaji, hakukufanyi mhalifu, ni haki iliyoandikwa nyuma ya karatasi ile ile unayopewa barabarani. Hata kusaini ile karatasi si kukiri kosa, ni kuahidi tu kwamba utashughulika na mahakama. Nimesikia watu wazima humu wakisema waliogopa kusaini, na wengine wakisema walisaini kwa hiyo wamekwisha kukiri. Si kweli, na uoga huu ndio unaofanya ile rampu iendelee kuzalisha pesa kila asubuhi. Cha kuogopa ni kukaa kimya mpaka tarehe ipite, kwa sababu hapo wanaweza kukuongezea mpaka dola 100 nyingine.

Mimi sijamaliza. Ukishindwa kwa maandishi una siku 20 tangu siku waliyoposti uamuzi kuomba kesi isikilizwe upya, fomu TR-220. Kesi inaanza mwanzo, ule uamuzi wa kwanza hauhesabiwi, na askari anatakiwa aje mwenyewe na aulizwe maswali. Nimeshaipeleka. Nitamuuliza yule askari swali moja: kutoka kwenye taa, ukiwa umekaa kwenye gari dogo, bango linasomeka au halisomeki?

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mdau uliyesema siku nyingine nibebe mdoli nimvalishe kofia, naomba tusipelekane huko. Kuna mtu wa kaunti ya Marin aliwahi kudai kwamba karatasi za kampuni yake zilizokuwa kwenye kiti ni abiria, kwa sababu sheria inaitambua kampuni kama mtu. Alishindwa Januari 2013. Mimi sitafuti ujanja. Nataka bango lionekane.

Uliyeuliza kuhusu gari lako la umeme: ile ruhusa ya kuingia kapuli peke yako kwa kibandiko iliisha 30 Septemba 2025, kwa magari yote. Usimsikilize anayekwambia kibandiko chako bado kina muda. Toka humo kabla hawajakukamata.

Na wewe kaka uliyeandika kwamba huwezi kushindana na serikali kwa mambo ya barabara. Machi 1976 walichukua leni za friwei ya Santa Monica, Los Angeles, wakazifanya za watu watatu kwenda juu. Watu wakapiga kelele, wakaenda mahakamani, na Agosti mwaka ule ule jaji wa shirikisho akausimamisha mpango wote. Ilichukua miezi mitano. 

Dada uliyeuliza kama mama yako anaweza kupata mkalimani wa Kiswahili: anaweza, na halipi. Aombe mapema kwa karani, wiki kadhaa kabla, kwa sababu wakalimani wa lugha yetu si wengi na kesi inaweza kusogezwa mbele wakimtafuta.

Na jambo jipya, mnisaidie. Nimepita pale tena juzi. Vichaka vimekatwa, vyote, mpaka chini, bango linaonekana tangu kwenye taa. Almasi imechorwa upya, rangi bado inang'aa. Tunaoendesha pale sasa tutaliona, na hilo ni jema. Lakini wakija kupiga picha za ushahidi wa kesi yangu, watapiga bango safi. Picha zangu zina tarehe, ila ni za simu ya mshtakiwa. Nataka za mtu mwingine.

Kwa hiyo: kama unaendesha Uber au unapeleka mizigo na gari lako lina kamera ya kioo cha mbele, na unapita rampu za upande wetu asubuhi, niandikie pembeni nikutajie makutano. Natafuta video ya kabla vichaka havijakatwa, hata sekunde chache za kukunja kushoto pale. Na kama uliwahi kupewa tiketi kwenye rampu hiyo hiyo, hata kama ulishalipa, naomba tuwasiliane. Yule mama aliyekuwa nyuma yangu sina namba yake, na ningependa ajue kwamba vichaka vimekatwa.