Fundi kaifunga Land Rover 109 ya marehemu baba kwa waya wa nyumba, na wayaringi ya zamani kaiuza skrepa

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nina 109 pikapu, Series III ya petroli, aliyoiacha marehemu baba. Imebeba korosho kutoka Kitangari tangu nikiwa shule ya msingi. Injini haina tatizo. Tatizo lilikuwa waya: plastiki imekauka, ukiikunja inapukutika, na chumvi ya huku pwani imekula tamino, vile vichwa vya kuungia waya. Nikaamua kabla ya msimu nivue yote, nifunge mpya. Nikaipeleka gereji moja hapa Mtwara mjini. Nilimwambia, "Fundi, sitaki viraka." Akajibu, "Kaka ondoa shaka, siku nne tu." Tukakubaliana laki sita na nusu, nikatanguliza laki nne.

Siku nne zikawa wiki tatu. Nikamalizia hela, nikachukua gari.

Safari ya pili tu, saa mbili usiku, tunashuka mteremko wa Newala na magunia nyuma. Moshi ukafumuka chini ya dashibodi, taa zote zikazima. Giza totoro, kona mbele. Breki zilishika, namshukuru Mungu. Mdogo wangu akafungua boneti, akang'oa tamino ya betri kwa koleo huku waya unawaka. Ana malengelenge kwenye vidole mpaka leo.

Asubuhi nikafungua dashibodi. Waya mwekundu mtupu, kuanzia betri hadi taa ya namba! Tena waya wa nyumba, ule mgumu wa uzi mmoja tunaofungia swichi za ukutani. Gari linatikisika, wakuu. Waya wa uzi mmoja ukitikiswa kila siku unakatikia ndani, ndiyo maana wa gari una nyuzinyuzi. Waya wa oltaneta, ile inayochaji betri, kaweka wa milimita 1.5, wakati oltaneta yenyewe inatoa amperi zaidi ya 30. Usiungue kwa nini? Indiketa na honi kaziunga moja kwa moja, sanduku la fyuzi limebaki pambo. Athi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, kaifunga juu ya rangi inayozuia umeme, kwenye bodi ya alumini.

Na hizo gari zina rangi zake. Kahawia ni moja kwa moja kutoka betri, mweupe unatoka swichi ya funguo, kijani umeshapita kwenye fyuzi, mweusi athi, buluu taa kubwa. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, mstari mweupe ya kulia. Fundi anayezijua hizo rangi, awe Masasi au Nachingwea, anashika waya anajua unakokwenda. Hii yangu sasa nani ataisoma?

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni wayaringi ya zamani. Nilirudi nikamwambia anipe basi ile ya kwanza. Akanijibu, "Ile takataka tuliuza skrepa, kopa ina bei." Takataka! Ile ndiyo ilikuwa ramani. Unailaza chini, unapima kila tawi: hili la geji ya mafuta, hili la taa za nyuma, hapa linapita kwenye chesisi. Hata kama imeoza, ndiyo unayoigiza. Na baba alikuwa amezungushia plasta kwenye waya kadhaa, akaandika kwa mkono wake kila mmoja ni wa nini. Mwandiko wake umeenda kwenye mizani ya skrepa bila hata kuniuliza.

Hela hataki kurudisha. Anasema nilizidisha mzigo. Magunia yanaingiaje kwenye waya?

Nishaamua kuifunga mwenyewe, polepole, waya wa gari na rangi zake. Ninachoomba: mwenye 109 Series III, wayaringi haijaguswa, awe Lindi, Ruangwa, Nachingwea, popote, aniruhusu nije na futi na daftari nipime na kupiga picha. Mafuta ya safari juu yangu, na muda wako nitaulipa. Njoo PM.