Saa mbili ni saa mbili? Huyu mtu wa utumishi ataniachisha mke kwa taimushiti!

Kobe Mzee (mleta mada)

Wakuu, naandika nikiwa chooni ofisini, chaji asilimia 11, mikono inatetemeka, kwa hiyo herufi zikirukana mnivumilie.

Yule mtu mnamjua. Kila ofisi anaye. Miwani haikai machoni, inakaa kichwani kama taji. Akienda semina ya siku 2 Morogoro anarudi na neno jipya, na hilo neno lazima limtese mtu. Mwaka juzi lilikuwa "umiliki wa matokeo". Mwaka huu ni "ukaribu". Basi programu mpya ya taimushiti, ya kujazia saa ulizofanya kazi, ambayo tuliambiwa inakuja kutupunguzia kazi, kaamua nayo iwe na ukaribu. Kaipa jina. Eti ni msaidizi wetu, kwa kifupi Saida.

Wakuu. SAIDA.

Mwanzoni tulicheka. Vikumbusho kavitunga kwa mkono wake, na vinakuja kwa meseji ya kawaida maana alisema barua pepe hatusomi (hilo kweli). Namba ngeni, haina jina la kampuni, jina "linashughulikiwa" tangu Februari. Ukijaza saa zako mapema humsikii. Usipojaza, Saida anakuja.

Sasa pale kwenye kuweka muda wa kutuma, yeye alitaka tukumbushwe saa mbili asubuhi, tukiwa ndiyo tunaingia kazini. Mashine ikamuuliza saa ngapi. Akaandika 02:00. Mbili si mbili?

Usiku wa kuamkia leo, saa nane kamili. Simu yangu iko chajini upande wa mama watoto kwa sababu soketi ya upande wangu iliungua tangu masika. Ikalia. Mwanga ukajaa chumba kizima kama tumevamiwa na doria. Mama watoto akaichukua, akasoma. Kwa sauti. Taratibu, kama anasoma wosia:

"Habari za saa hizi. Bado nakusubiri. Wiki ya tatu sasa hujanimalizia. Usiponijibu leo namwambia mkubwa. Wako, Saida."

Mkubwa hapo ni meneja jamani! Mkubwa wa kazi! Lakini saa nane ya usiku nani wa kuelewa? Mama watoto akauliza swali moja tu: "Mkubwa ndiyo mimi?" Maana yake yeye ni bi mkubwa, na bi mdogo yupo, anaitwa Saida, na ana wiki tatu anasubiri amaliziwe.

Nikasema ni programu. Akasema, "Programu inaandika wako?" Nikasema ni ya kujazia saa. Akarudia, "Hujanimalizia." Nikawasha kompyuta ya ofisi nimwonyeshe, bando likawa limeisha. Akarudia tena, kwa utulivu ule ambao ni afadhali angepiga sahani chini: "Wako, Saida." Asubuhi nimeondoka bila chai. Chupa ipo mezani, imejaa, naiona kwa macho yangu.

Sasa ngojeni kilichonifanya nije kuandika. Nimefika, nimemfuata kwa adabu zote, ndugu yangu, saa mbili ya asubuhi kwenye mashine ni 08:00. Akashusha miwani, mara ya kwanza toka nimjue, akanitazama mbele ya watu 14, akasema: "Saa mbili ni saa mbili. Mwenye taimushiti safi hamwogopi Saida."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mpaka mama wa chai. Mpaka mlinzi, ambaye taimushiti yenyewe hajazi!

Wako, Saida. Mtu mzima, ana wajukuu, anakaa kwenye kiti anaandika "Wako".

Nishaurini kabla sijafanya jambo.

Jiwe la Pwani

Chai. Tena ya tangawizi.

Mama Mihogo

Tuanzie hapa kwanza. Saida ni nani?

Kobe Mzee

Mama Mihogo NI PROGRAMU

Mama Mihogo

Wa kwangu alisema ni fundi friji. Friji lenyewe hatukuwa nalo.

Nusu Mkate

Mkuu pole sana. Swali dogo, wala si ugomvi. Hizo wiki tatu ulikuwa hujajaza kweli?

Kobe Mzee

Nilijaza zote! Sema nilihifadhi tu, sikubonyeza kuwasilisha. Kile kitufe kiko chini kabisa, cha kijivu, unaweza kudhani kimekufa.

Nusu Mkate

Ahsante. Sina swali la nyongeza.

Jiwe la Pwani

Kwa hiyo Saida alikuwa anasema ukweli 😂 Hujammalizia.

Fundi Waya

Mimi ndiyo kazi yangu hii, naomba niseme kidogo. Watu huwa wanasingizia seva. Ni kweli nyingi zinaenda na UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko saa 3 mbele, lakini ingekuwa hivyo, mtu akiweka 08:00 meseji ingewafikia saa tano asubuhi mkiwa kwenye supu. Ninyi inapiga saa nane kamili usiku. Seva haina kosa, ni kidole cha mtu. Kingine, huyo jamaa hakuweka masharti. Kikumbusho kinatakiwa kimwangalie kwanza mtu: kawasilisha? yuko likizo? leo ni sikukuu? Na kitofautishe aliyehifadhi rasimu na asiyegusa kabisa. Aliyehifadhi unamwambia "bonyeza kuwasilisha", basi, kwisha habari. Unaweka Ijumaa saa tisa alasiri, mara moja, na Jumatatu asubuhi mara moja kwa aliyebaki. Siyo kumwandama mtu kama

Mama Mihogo

Kama nani? Malizia.

Fundi Waya

Nimeishia hapo dada, nina familia.

Wakili wa Kijiweni

Tuache utani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi. Kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Usiku unahesabiwa kuanzia 20:00 hadi 06:00, na kila saa ya kazi ya usiku unaongezewa isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Meseji ni ya kazi, umeamshwa uisome, ulikuwa kazini. Dai haki yako.

Andazi la Jana

Kuisoma ni nusu dakika. Hiyo asilimia 5 ya nusu dakika haifikii hata bei yangu.

Mama Mihogo

Halafu aliyesoma ni mkewe. Alipwe mkewe.

Jiwe la Pwani

Na zile saa za kujieleza mpaka alfajiri? Hizo ovataimu kabisa, mara moja na nusu.

Wakili wa Kijiweni

Mnacheka, lakini Ufaransa tangu Januari 2017 sheria inazitaka kampuni kubwa zikae na wafanyakazi zikubaliane lini mtu anaruhusiwa kuzima simu za kazi.

Andazi la Jana

Akaombe viza basi. Aende na Saida.

Kobe Mzee

Wakuu mnanikwaza. Mimi hoja yangu ni "WAKO". Kwa nini "wako"? Angeandika "Utumishi" angekufa?

Karafuu Muscat

Kobe pole, ila wewe una nafuu. Sisi huku Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, wiki ya kazi inafungwa Alhamisi. Ofisi kuu iko Ulaya, kwao wiki inafungwa Ijumaa. Basi kikumbusho kinatoka Ijumaa, khatibu yuko juu ya mimbari, msikiti mzima kimya, na mfukoni mwangu "tiriring". Shekhe akanyamaza. Alininyamazia MIMI. Nilimwandikia yule wa huko, mnamjua, yule anayeanza kila barua na "natumaini uko salama". Akanijibu Ijumaa nyingine, saa ileile ya khutba, kwamba amepokea maoni yangu.

Mchuuzi wa Barafu

😂😂😂 "natumaini uko salama" namjua huyo

Zamu ya Usiku

Nyote mna raha. Mimi natunza wazee Uingereza, zamu za usiku. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huku wanarudisha saa nyuma, saa nane za kwetu inageuka tena saa saba. Kwa hiyo aliyeko zamu anafanya saa moja zaidi. Mimi nimeifanya hiyo saa, kwa miguu yangu, namgeuza babu wa watu kitandani. Programu ikatoa saa ya kutoka ikapunguza ya kuingia, ikasema saa ile haipo. Nikapokea arifa: "Umezidisha saa, tafadhali rekebisha." Nirekebishe nini? Nimrudishe babu alivyokuwa?

Fundi Waya

Hiyo ni kwa sababu wanahesabu kwa saa ya ukutani. Walitakiwa waandike kwa UTC, halafu

Zamu ya Usiku

Fundi, hiyo pauni 12 yangu utanipa wewe?

Mchuuzi wa Barafu

Mimi naona mnaongelea maua. Bosi wetu wa zamani alikwenda likizo akaweka lile jibu la kujituma, "Niko likizo hadi tarehe 14". Programu ikamkumbusha aidhinishe taimushiti. Barua yake ikajibu kwamba yuko likizo. Programu ikapokea ile, ikaiona ni ujumbe mpya, ikamjibu "Ahsante, ombi lako limepokelewa". Ikajibiwa yuko likizo. Ikashukuru. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu zimeshukuriana tu. Tumefika, barua pepe za ofisi nzima zimejaa, hakuna kinachoingia wala kutoka. Bosi karudi tarehe 14, mweusi kwa jua la Mafia, anauliza mbona kimya.

Nusu Mkate

Wamependana hao.

Andazi la Jana

Wako, Saida.

Kobe Mzee

Mods kama mpo msiache watu wachafue uzi. Mtu ana ndoa hapa.

Kokoto

Afadhali meseji. Sisi saiti tuliletewa mashine ya kidole. Mafundi ujenzi, saruji imekula vidole miaka 20, alama hamna, vimekuwa laini kama kijiko. Asubuhi foleni ya watu 60 kila mmoja anapiga mate anabandika. Mashine: "Jaribu tena." Mzee mmoja ilimkataa siku 4 mfululizo, ikamtumia meseji kwamba hajafika kazini, na meseji ameipokea akiwa juu ya jukwaa anapiga plasta.

Bibi Ukili

Kokoto ya kwetu inataka vidole vikavu. Mimi napika, kidole kikavu nakitoa wapi?

Kokoto

Paka unga kidogo.

Bibi Ukili

Nimepaka, ikamsoma mwenzangu 😂 Mwezi mzima ameonekana anaingia mara mbili.

Kobe Mzee

Wakuu imeingia nyingine SASA HIVI, saa nane na dakika moja. Nimeisomea jikoni gizani. "Kimya chako kinaniumiza." KIMYA CHAKO KINANIUMIZA!!! Na jana mchana nimewasilisha jamani, nimebonyeza mpaka kidole kimeuma!

Fundi Waya

Umewasilisha wiki ngapi?

Kobe Mzee

Hii ya mwisho.

Fundi Waya

Ziko tatu mkuu. Kila moja ina kitufe chake.

Jiwe la Pwani

Shem ameamka?

Jiwe la Pwani

Kobe?

Nusu Mkate

Tumwache kwanza.

Mchuuzi wa Barafu

Samahani natoka nje ya mada. Hiyo mashine ya kidole Kariakoo naweza kupata ya bei gani? Nina vijana wanne dukani, wananichezea.

Kokoto

Usinunue. Weka daftari la kaunta getini, chora mistari, kila mtu aandike saa aliyofika.

Bibi Ukili

Daftari! Ofisini kwetu watu 30, wote tumefika 1:30. Miaka 6 hakuna aliyewahi kufika 1:31. Hata siku lile daraja lilipofungwa na mafuriko.

Zamu ya Usiku

Na kalamu imefungwa kamba kama mbuzi 😂

Kokoto

Ya kwetu waliiba kalamu wakaacha kamba.

Bibi Ukili

Ya kwetu waliiba na kamba.