Nakula kwa karata, mwezi wa sita nataka kwenda Johannesburg: nichukue hela ya dada au niache?

Ree ya Shupaza (mwenye uzi):
Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi ni kijana wa Tanga, Ngamiani, miaka 31. Kazi yangu ni poka. Kabla hamjaanza: sisemi karata tatu za stendi, ile ya "nyekundu iko wapi", ambayo mshindi anajulikana hata hujatoa pochi. Poka unapewa karata mbili zako, tano zinafunguliwa mezani za wote, na unashindana na wachezaji wenzako. Kasino inakata kamisheni yake tu. Mwenye hesabu na subira anakula polepole kwa wasio nayo. Ndivyo ninavyoamini, na nimekuja hapa kwa sababu imani yenyewe imeanza kuyumba.

Usiku nacheza mtandaoni, mashindano ya kiingilio cha dola 5 mpaka 30. Mara moja kwa mwezi, Ijumaa baada ya swala, napanda basi la Dar nikakae meza za kasino mpaka Jumapili. Niliacha ukarani wa mizigo bandarini miezi 27 iliyopita. Kila kitu kimo kwenye kaunta buku: tarehe, nilichoingia nacho, nilichotoka nacho. Faida mpaka leo ni milioni 21.

Ndoto ya kila mcheza poka ni World Series kule Las Vegas, kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Julai. Lakini kiingilio cha shindano kuu ni dola 10,000, na viza ya Marekani kwetu sisi siku hizi mnaijua hali yake. Nimeiweka pembeni. Afrika Kusini hatudaiwi viza, na mwezi wa sita kuna mashindano mfululizo wiki mbili Johannesburg. Nimepanga kucheza 10. Viingilio milioni 10, nauli na malazi milioni 3. Mimi ninazo 8. Dada yangu wa Muheza kauza machungwa, yuko radhi kunipa 5, faida tugawane nusu kwa nusu.

Kinachonisumbua ni usiku mmoja wa mwezi wa pili. Tulikuwa tumebaki saba kati ya mia sita na kitu. Saa tisa na nusu usiku. Nafungua karata: ree ya kopa, ree ya shupaza. Ree mbili unazipata mara moja katika migao 221. Mbele yangu mtu kaweka chipu zake zote. Kidole kiko kwenye kitufe, giza. Luku imeisha. Kompyuta ina betri, ila kile kidude cha intaneti kimezima. Nikawasha data ya simu, bando lilishaisha jana yake. Nanunua bando mikono inatetemeka, nakosea namba ya siri, narudi mezani nakuta muda wangu umekwisha na mashine imezitupa ree zangu. Nikakaa nazitazama karata za mezani zikifunguliwa moja moja. Ningeshinda.

Tangu usiku ule nacheza kama mtu anayedai. Nimeshuka milioni 2 na laki 3. Sijui kama ni bahati mbaya au kiwango changu ndicho hiki, zamani nilikuwa nabebwa tu. Naombeni ushauri, povu pia ruksa.

Mzee wa Barabara ya Nane:
Uzi kutoka Tanga nikajua ni mapenzi, nimekuta hesabu. Nimekaa paleee.

Mhasibu Mstaafu:
Kijana, kaunta buku ni jambo jema, wengi wanaojiita wachezaji hawana. Swali moja. Katika hizo milioni 21, siku uliyoshinda zaidi ulipata ngapi?

Ree ya Shupaza:
Milioni 12, mzee wangu. Shindano moja, mwaka jana mwezi wa tatu.

Mhasibu Mstaafu:
Nilidhani hivyo. Itoe hiyo siku moja. Inabaki milioni 9 kwa miezi 27, yaani laki 3 na elfu 33 kwa mwezi, kwa kukesha. Bodaboda wa hapo Chumbageni anaweza kukushinda na usiku analala. Sisemi hujui kucheza. Nasema buku lako bado halijajibu swali lako.

Sasa safari. Mashindano makubwa hulipa kama asilimia 15 ya walioingia. Tuseme na wewe unaingia kwenye malipo mara 15 katika kila 100. Kwa mashindano 10, nafasi ya kurudi mikono mitupu yote kumi ni karibu moja kati ya tano. Hiyo ni hali ya kawaida kabisa, wala si mkosi. Na wengi wanaoingia kwenye malipo wanarudishiwa kiingilio na kidogo juu yake. Watu wa kazi hii huwa wanaweka akiba ya viingilio 100 kwenda juu. Wewe una viingilio vinane, na nauli haijatoka.

Chuma cha Pongwe:
Mzee unamkatisha mtu tamaa bure. Chris Moneymaker alikuwa mhasibu kama wewe, kule Tennessee. Kaingia shindano dogo la mtandaoni kwa dola 86, kapata tiketi ya Las Vegas, na mwaka 2003 kabeba shindano kuu, dola milioni 2.5! Nenda kaka, asiyethubutu hapati.

Mhasibu Mstaafu:
Mwaka ule waliingia watu 839. Nitajie wengine kumi tu kati ya wale 838.

Chuma cha Pongwe:
😂😂 Haya bwana.

Ustaadh Makorora:
Assalaam alaykum. Ndugu yangu, umetaja swala ya Ijumaa na kasino kwenye sentensi moja, nami nikashindwa kupita. Suratul Maida aya ya 90 imeutaja mchezo wa kamari pamoja na ulevi. Ukisema ni hesabu, ukisema ni subira, pesa imewekwa katikati na mmoja anaondoka nayo. Sikutukani, nakunasihi tu.

Mla Ajemi:
Ustaadh, mbona wanaobeti mpira kila kona hatuwafuati?

Ustaadh Makorora:
Nao nawafuata. Wananikimbia.

Binti Muheza:
Mimi niulize ya dada, maana na sisi kwetu ni machungwa. Hiyo milioni 5 ni mkopo au ni hisa? Umesema faida mnagawana, hasara hukuisema. Ikipotea, mwezi wa saba atakudai? Mumewe anajua? Msimu wa machungwa ndio ada za watoto, ndio mbolea. Na nyumbani wanajua unachofanya?

Ree ya Shupaza:
Dada yangu, umenishika pabaya. Hatukuongea hasara. Shemeji hajui.

Nyumbani nipo na mama. Anajua nafanya kazi za mtandao. Kuna jambo sikuliandika mwanzo. Ana kibubu cha hija, na nusu ya kilichomo nimekitia mimi.

Ustaadh Makorora:
Basi hilo ndilo swali lako, ndugu yangu. Johannesburg umeitanguliza tu. Mama yako hajui anakwenda hija kwa hela gani. Njoo inbox, tuongee taratibu, si hadharani.

Karata Kavu (Dar):
Mimi nacheza meza za hapa Dar mwaka wa tisa, huenda tushakutana. Ya dini namwachia Ustaadh. Ya mchezo ni haya.

Mtandaoni unacheza meza nne kwa mpigo, unaona mamia ya migao kwa saa. Mezani utaona 30 hivi. Utakaa saa tatu unatupa karata, unakunywa soda, na yule uliyemwandika kwenye post yako, yule anayedai, atakutoka palepale. Ataweka zote na jozi ya tisa kwa sababu kachoka. Mimi nilifanya hivyo safari yangu ya kwanza na nikarudi na deni la shemeji, mpaka leo kwenye harusi za ukoo nakaa nyuma.

Kama lazima uende, usicheze 10. Chagua manne ya viingilio vidogo. Lile kubwa liingie kupitia shindano la tiketi, ukikosa tiketi basi, unatazama. Ukitaka kugawana hasara, wauzie hisa wachezaji wenzako wanaojua kwamba hela hii huwa hairudi, usimuuzie mtu wa machungwa. Na Las Vegas usiililie. Marekani haina mkataba wa kodi na sisi, mgeni akishinda anakatwa asilimia 30.

Halafu nunua luku ya mwezi mzima, kaka. Mchezaji wa kulipwa anazimikiwa na luku!

Mzee wa Barabara ya Nane:
Hapo kwenye luku nimecheka mpaka mke wangu kauliza.

Ree ya Shupaza (mrejesho, wiki tatu baadaye):
Wakuu, nashukuruni, hata walionichoma.

Nilipanda Muheza nikamweleza dada kila kitu mbele ya shemeji, pamoja na ile moja kati ya tano. Shemeji alinyamaza muda mrefu. Dada kanipa laki 5 tu, kasema hizo kashazihesabu ni machungwa yaliyoozea njiani. Tumeandikiana. Nakwenda na mashindano manne, viingilio jumla milioni 2 na laki 2. Karata Kavu na wenzake wawili wamechukua sehemu. Mtandaoni sijacheza siku 16, nalala usiku, mwili unashangaa.

Na Ustaadh tumeongea mara mbili. Mama bado sijamwambia. Mwezi huu sikutia kitu kwenye kibubu, akauliza kama kazi imelegea, nikasema imelegea. Safari nilimwambia ni semina. Jana kaja na sweta la mtumba, la kijivu, kalifua na kulianika, kasema kasikia huko mwezi wa sita ni baridi kali. Mkono wa kushoto ulikuwa na tundu. Kaliziba kwa uzi mwekundu.